GITAA LA UMEME: KWA NINI UZI MMOJA UMEFIFIA?

(Somo hili lilisomwa katika redio, na limepigwa chapa kwa ajili ya madarasa ya elimu ya watu wazima. Kiongozi wa darasa asome kwa sauti, sehemu moja moja, na wanafunzi wafuate kwa macho. Maneno yaliyo ndani ya mabano yaonyesha mahali ambapo gitaa lilisikika.)

Kila mmoja awe na daftari na kalamu ya risasi. Kama darasani kwenu yuko mwenye gitaa, na alilete mbele ili wote walione. Kama hakuna, msihuzunike. Kiongozi atachora gitaa ubaoni, nasi tutaendelea.

Kikundi kimoja cha wasikilizaji wetu wa mwambao kimetuandikia barua. Wanasema kwamba walichanga fedha wakanunua gitaa la umeme lililokwisha tumika kwa miaka mingi. Hulipiga katika harusi, na malipo wanagawana. Sasa uzi wa nne umefifia. Nyuzi tano zalia vizuri, lakini ule mmoja una sauti butu, kama mtu anayesema huku amejifunika blanketi. Fundi mmoja amewaambia kwamba chombo cha kunasia sauti kimekufa, na kipya kitagharimu karibu nusu ya fedha walizonunulia gitaa zima. Wanatuuliza, "Je, tulipe?"

Jibu letu ni hili: Msilipe bado. Sikilizeni kwanza. Uzi wenyewe utawaambia mahali unapoumwa, mkijua kuuliza.

SEHEMU ZA GITAA

Kabla ya kutafuta kasoro, hapana budi tuzijue sehemu za gitaa. Andikeni majina haya katika daftari.

Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba kuliko zote, na wa sita ni ule mnene kuliko zote. Uzi hushikwa mahali pawili. Juu, karibu na vigingi vya kukazia, unapita katika mfereji mdogo wa kipande cha mfupa au plastiki. Kipande hicho tutakiita kizingiti. Chini unalala juu ya daraja. Katika magitaa mengi ya umeme kila uzi una kipande chake cha chuma juu ya daraja. Hicho tutakiita tandiko.

Shingoni mwa gitaa mna vyuma vyembamba vilivyokingama, kama mataruma yaliyo chini ya reli. Basi na tuviite mataruma. Twayahesabu kuanzia kwenye kizingiti: taruma la 1, la 2, la 3, na kuendelea.

Chini ya nyuzi, katika mwili wa gitaa, mna chombo ambacho mafundi hukiita pikapu. Si lile gari la mizigo! Pikapu hii ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu.

SAUTI HUPITA NJIA GANI?

Mwaka 1831, huko Uingereza, mtaalamu aitwaye Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Gitaa la umeme hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Uzi wa chuma ulio juu ya sumaku nao hupata usumaku kidogo. Ukipigwa, hutetemeka. Uzi wa nne uliotengenezwa sauti yake ya kawaida hutetemeka mara 147 hivi kwa sekunde moja. Mtetemo huo huzaa umeme kidogo sana katika waya wa pikapu. Umeme huo hupita katika kamba ya umeme mpaka kwenye amplifaya, hapo hukuzwa, kisha spika huugeuza kuwa sauti.

Shikeni jambo moja hapa, maana tutalihitaji baadaye: pikapu haina masikio. Haisikii sauti iliyo hewani kama tunavyosikia sisi. Inahisi chuma kinachotetemeka tu. Ukifunga uzi wa nailoni katika gitaa la umeme, wewe utausikia kwa sikio lako, lakini pikapu haitauhisi kabisa.

JARIBIO LA KWANZA: NI UZI MMOJA, AU NI ZOTE?

Pigeni nyuzi zote sita, moja baada ya nyingine, kwa nguvu ile ile. Sikilizeni.

(Nyuzi sita zapigwa. Wa nne wasikika butu.)

Nyuzi zote zikiwa butu, angalieni vitu ambavyo nyuzi zote huvitumia: swichi ya kuzungusha inayopunguza ukali wa sauti, kamba ya umeme, amplifaya na spika. Au labda nyuzi zote zimechakaa pamoja.

Lakini uzi mmoja tu ukiwa butu, msiiguse amplifaya. Amplifaya haijui uzi wa nne wala uzi wa tano. Umeme wa nyuzi zote huifikia kwa waya mmoja. Katika pikapu ya kawaida ni vivyo hivyo: waya mmoja umezungushwa kuzizunguka sumaku zote sita. Waya huo ukikatika, nyuzi zote hudhoofika au kunyamaza pamoja. Hauwezi kukatika kwa uzi mmoja ukabaki mzima kwa nyuzi tano.

Je, mmeona? Kwa jaribio hili lisilo na gharama hata ya senti moja, tayari tunalo shaka juu ya maneno ya yule fundi.

JARIBIO LA PILI: SIKILIZA BILA UMEME

Sasa chomoeni kamba ya umeme katika gitaa. Mmoja aweke sikio lake juu ya mbao za gitaa, na mwingine apige uzi wa tatu, wa nne na wa tano.

Kama uzi wa nne ni butu hata bila umeme, kasoro imo katika uzi wenyewe, au mahali uzi unapoguswa: kizingiti, mataruma au tandiko.

Kama bila umeme uzi wa nne unalia vizuri kama wenzake, lakini kwa umeme unafifia, kasoro iko kati ya uzi na sumaku.

Basi kwa swali moja tu tumeligawa tatizo katika mafungu mawili. Fungu moja tunaliacha, la pili tunalichunguza.

JARIBIO LA TATU: MAHALI GANI?

Pigeni uzi wa nne ukiwa wazi, yaani bila kuubana. Halafu ubaneni katika taruma la 1, kisha la 5, kisha la 12. Kila mara andikeni: unalia vizuri, au ni butu?

(Uzi wa nne wapigwa mara nne.)

Uzi ukiwa butu unapoachwa wazi tu, lakini unalia vizuri unapobanwa, tazameni kizingiti. Maana ukibana uzi katika taruma, kizingiti hakina kazi tena. Taruma limechukua mahali pake.

Uzi ukiwa butu katika taruma moja tu, tazameni taruma hilo. Labda limelika, au limelegea. Iko sababu nyingine pia. Katika magitaa mengi pana sehemu ya shingo inayotetemeka pamoja na sauti fulani na kuzinywa nguvu za uzi, hata sauti ikafa upesi. Hayo ni maumbile ya mbao. Hakuna tupa itakayoyaponya, na asiyejua hilo anaweza kuliharibu taruma zima bila faida.

Uzi ukiwa butu kila mahali, wazi na unapobanwa, basi tazameni uzi wenyewe, kisha tandiko lake.

KUTENGENEZA

Sasa tuone dawa ya kila kasoro. Anzeni na ile isiyo na gharama, tena badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Mkibadilisha vitu vitatu pamoja na sauti ikarudi, hamtajua ni kipi kilichoirudisha.

Uzi. Tazameni upande wa chini wa uzi, ule unaogusa mataruma. Je, mna kutu? Mna mashimo madogo? Mna uchafu kati ya mizunguko ya waya? Nyuzi nene zina kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwingine. Jasho na vumbi vikijaa kati ya mizunguko hiyo, uzi unakuwa mzito hapa na mwepesi pale, na ile sauti kali inayong'aa hupotea kwanza. Kwa wenzetu wa pwani, hewa ya chumvi huharakisha kutu. Wako wapigaji wanaochemsha uzi mkuukuu katika maji safi ili kuutoa uchafu, kisha wanaukausha barabara. Uzi hupata uhai tena, lakini kwa siku chache tu. Dawa ya kweli ni uzi mpya. Na kinga yake ni kitambaa kikavu: futeni nyuzi kila mmalizapo kupiga.

Mkifunga uzi mpya mnene, pindeni kwanza ncha yake kwenye kigingi, halafu ndipo mkate. Mkikata uzi kabla ya kuupinda, waya wa nje unaweza kulegea juu ya kiini chake. Uzi wa namna hiyo huwa butu siku ile ile unapofungwa, na mwenyewe hushangaa kwamba uzi mpya ni mbaya kuliko wa zamani.

Kizingiti. Legezeni uzi, uondoeni katika mfereji wake, na safisheni mfereji kwa brashi ndogo iliyo kavu. Pakeni humo unga kidogo wa kalamu ya risasi, ili uzi uteleze. Rudisheni uzi, kisha pigeni. Kama bado ni butu, huenda mfereji umepanuka, na uzi haulali imara. Msiuchimbe zaidi kwa tupa. Mfupa ukiisha kuchimbwa haurudi. Fundi mzuri anaweza kutia kizingiti kipya.

Tandiko. Guseni tandiko la uzi wa nne kwa kidole. Je, linacheza? Katika magitaa mengi ya zamani kila tandiko husimama juu ya skrubu mbili ndogo. Skrubu moja ikining'inia bila kugusa daraja, tandiko hulegea na nguvu za uzi hupotelea hapo. Izungusheni kidogo mpaka iguse. Kama ina kutu, tieni tone moja la mafuta mepesi, subirini, wala msiilazimishe.

Umbali wa pikapu. Baneni uzi katika taruma la mwisho, lile lililo karibu na pikapu. Pimeni kwa rula kutoka chini ya uzi mpaka juu ya sumaku. Milimita 2 hadi 3 ni kipimo kizuri cha kuanzia. Pikapu ikiwa mbali sana, sauti huwa dhaifu. Ikiwa karibu sana, sumaku huuvuta uzi na kuuzuia usitetemeke kwa uhuru. Sauti hukatika upesi, au huyumba kama sauti mbili zinazogombana. Skrubu za pembeni huiinua na kuishusha pikapu nzima. Zizungusheni nusu mzunguko tu, kisha sikilizeni tena.

BARUA YA WENZETU WA MWAMBAO

Tuliwaandikia wenzetu wafanye majaribio haya matatu na kutuletea majibu. Walifanya hivyo, tena kwa makini sana. Majibu yao yalikuwa haya. La kwanza: ni uzi wa nne tu ulio butu. La pili: bila umeme unalia vizuri, hata kuliko wenzake. La tatu: kwa umeme ni butu kila mahali, ukiwa wazi na ukibanwa.

Basi kizingiti ni kizima, mataruma ni mazima, tandiko ni zima. Umbali wa pikapu waliupima, ukawa milimita 3. Tukawauliza swali moja tu tena: Uzi huo una rangi gani?

Wakajibu kwamba ni wa manjano-manjano, na wenzake ni weupe. Uzi wa zamani ulikuwa umekatika, na dukani walipata nyuzi za gitaa kavu tu, lile lisilotumia umeme.

Hiyo ndiyo sababu. Nyuzi nene za gitaa kavu mara nyingi huzungushiwa shaba nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na bati. Sikio hulipenda sana shaba hiyo, lakini sumaku haiijui. Kumbukeni tulivyosema: pikapu huhisi chuma tu. Katika uzi ule ilikuwa ikihisi kiini chembamba cha ndani, na waya wote wa nje ilikuwa kama haupo. Nyuzi za gitaa la umeme huzungushiwa nikeli, au chuma kilichopakwa nikeli, na hizo sumaku huzihisi vizuri.

Wenzetu wakanunua uzi mmoja wa gitaa la umeme. Sauti ikarudi. Pikapu haikufa wala haikuugua.

(Uzi wa nne wapigwa, sasa wasikika vizuri.)

MAGITAA YA ZAMANI YANA DESTURI ZAKE

Magitaa ya umeme yalianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1930. Huku kwetu yalienea hasa katika bendi za dansi, kama vile NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964. Baadhi ya magitaa ya siku zile bado yapo, na mengine yametengenezwa baadaye kwa kuyafuata.

Mfano mmoja ni gitaa la Fender Stratocaster, lililotoka mwaka 1954. Wakati ule uzi wa tatu nao ulizungushiwa waya kama zile nene. Kwa hiyo mafundi waliziweka sumaku za pikapu kwa vimo mbalimbali: ya uzi wa tatu ikainuliwa, ya uzi wa pili ikashushwa. Leo wapigaji wengi hutumia uzi wa tatu usiozungushiwa kitu. Uzi huo juu ya sumaku iliyoinuliwa hupiga kelele, na uzi wa pili huonekana dhaifu kando yake. Hapo hapana kilichoharibika. Ni nyuzi za leo juu ya sumaku zilizopangwa kwa nyuzi za jana. Mwenye gitaa anaweza kuinamisha pikapu kidogo, au kufunga uzi wa tatu uliozungushiwa waya.

MAMBO MATATU YA KUJIHADHARI

La kwanza: Msisukume sumaku za pikapu ya zamani kwa kidole wala kwa bisibisi. Katika pikapu nyingi za zamani waya umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku. Sumaku ikisogea, waya ule kama unywele hukatika, na hapo ndipo pikapu hufa kweli.

La pili: Msichimbe kizingiti wala mataruma kwa tupa kabla ya kumaliza majaribio yote. Vumbi hufutika na uzi hubadilishwa, lakini kilichochimbwa kimekwenda.

La tatu: Msifungue amplifaya ya zamani. Zile zenye taa za vioo ndani huweza kubaki na umeme mkali wa kuua mtu, hata baada ya kuzimwa na kuchomolewa. Hiyo ni kazi ya fundi aliyejifunza. Na tumekwisha ona kwamba uzi mmoja ukififia, amplifaya haina hatia.

Ndugu wanafunzi, mafundi wazuri wapo, na kazi yao yastahili malipo. Lakini mwende kwao na daftari mkononi, mwaambie, "Tumejaribu hivi, tumesikia hivi." Fundi wa kweli atafurahi, maana mmempunguzia kazi. Na anayebahatisha atajua kwamba mbele yake wako watu wanaosikiliza kabla ya kulipa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini uzi mmoja ukififia hatuishuku amplifaya?
2. Uzi ni butu unapoachwa wazi, lakini unalia vizuri katika taruma la 1. Kasoro iko wapi?
3. Kwa nini uzi wa shaba nyeusi husikika vizuri kwa sikio lakini pikapu haiuhisi vizuri?
4. Kwa nini tunabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja?

KAZI YA KUANDIKA

Chora jedwali lenye mistari minne: uzi ukiwa wazi, taruma la 1, taruma la 5, taruma la 12. Kila mstari uwe na nafasi mbili, moja ya "bila umeme" na moja ya "kwa umeme". Mwenye gitaa alijaze. Asiye na gitaa aandike sentensi tano kueleza jinsi atakavyotafuta kasoro ya kitu kingine anachokijua, kama vile taa ya baiskeli isiyowaka: ataanza na jaribio gani, na kwa nini.

Kwaherini mpaka kipindi kijacho.